Sufuria ya Marehemu

Pasi ya mkaa haimhurumii mtu anayesitasita. Ukishaiweka juu ya shati, ama uisukume ama uinyanyue. Ukisimama kuwaza, yenyewe inaendelea na kazi. Bi Mstari alilijua hilo tangu usichana wake, na kila mwanafunzi aliyemfundisha kazi alimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Kwa hiyo asubuhi ile aliponusa pamba inaungua, akaona ni pasi yake mwenyewe imekwama juu ya shati jeupe la mwalimu mkuu, hakupiga kelele. Aliisukuma kwa kiwiko na tumbo mpaka ikapanda kwenye kibao chake cha chuma, halafu akasimama analitazama lile doa la kahawia, pana kama kiganja, mgongoni kabisa, mahali ambapo hapana kiraka wala ujanja.

Hakuwa amesitasita. Mkono ndio uliokataa. Aliutuma unyanyue, ukamjibu kama mtoto mjeuri: nyanyua mwenyewe.

Jina la Bi Mstari hakupewa na wazazi, alipewa na mtaa, kwa ajili ya mistari ya suruali zilizotoka mezani kwake. Watu walikuwa wakitaniana kwamba anayevaa suruali ya Bi Mstari asipishane na mtu kwenye uchochoro, atamkata. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, mlango unafungukia barabarani, meza ndefu imetandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, ndoo ya maji ya kunyunyizia chini, jiko la mkaa kizingitini. Chumba hicho ndicho kilichomsomeshea watoto. Na humo ndimo alimopatia mume, dereva wa lori aliyekuwa akileta shati lile lile kila akirudi safari, hata halijavaliwa, mpaka Bi Mstari akamwambia, wewe bwana, shati hili limekwisha kunyooka zamani, sema lililokuleta. Akasema.

Sasa mume hayupo, na mwanawe mkubwa, karani wa ofisi, anakaa na mkewe na watoto wao katika vyumba vya nyuma vya ua huo huo. Ndiye aliyempelekea mwalimu mkuu shati jipya na kumwomba radhi. Alirudi na uso wa upole, ule uso ambao mtu akiuona ajue ameshaamuliwa jambo. Akamwambia mama yake kwamba amefanya kazi vya kutosha, hakuna anayemdai. Tena kwa bahati nzuri, shemeji yake, kaka wa mkewe, ni fundi simu na anatafuta mahali penye wapita njia. Chumba cha mbele kitamfaa sana. Mvua zikikatika ataleta kabati lake.

"Wewe pumzika, Mama."

"Kumbe nimeshakufa," alisema Bi Mstari, "na hamkuona haja ya kunijulisha."

Mwanawe alicheka, akidhani ni utani.

Sasa tuje kwenye chakula, maana mzizi wa fitina uko jikoni. Jiko la nyumba ile lilikuwa na sufuria mbili, kubwa na ndogo. Ndogo ilikuja siku za ugonjwa wa dereva. Figo zake zilianza kuchoka, daktari wa hospitali kubwa akaweka sheria: nyama kidogo ya kuonja tu, maharage basi, mayai basi, maziwa ya kijiko, chumvi asiione. Mkazamwana wa Bi Mstari alikuwa bado bibi harusi wakati huo, mwoga wa kukosea, akaishika sheria ile kama mboni ya jicho. Akanunua sufuria ndogo ya mkwewe peke yake, asije akachanganya. Humo alipika uji mwepesi, wali uliopondwa, boga, viazi, mchuzi ambao ukiuinamia unajiona sura.

Bi Mstari akaapa kwamba mumewe hatakula peke yake pembeni kama mgeni asiyetakiwa. Atakachokula yeye ndicho nitakachokula mimi, alisema, na aliposema jambo amesema. Wakawa wanakula sahani moja, dereva akimtania kwamba chakula hiki, mke wangu, hata kikianguka sakafuni hakitoi sauti.

Dereva akafa. Sufuria ndogo haikufa.

Siku za msiba nani alikuwa na hamu ya kula? Mkazamwana alimletea mjane uji, akaunywa kwa sababu hauhitaji kutafunwa. Msiba ukaisha, uji ukaja. Wageni wakaondoka, boga likaja. Wajukuu upande wa pili wa mkeka wanang'ang'ana na mapaja ya kuku, bibi yao anawekewa kibakuli chake kwa mikono miwili, kwa goti lililokunjwa, kwa heshima ambayo huwezi kuitukana. Mara moja tu alinyoosha mkono kwenye sufuria kubwa. Mwanawe akaushika ule mkono, taratibu, kama anavyoshikwa mtoto karibu na moto.

"Mama, daktari alikataza."

Bi Mstari aliurudisha mkono wake. Alikumbuka kwamba wiki chache nyuma walimpeleka kupimwa presha, na mwanawe alibaki nyuma akizungumza na daktari. Akajumlisha. Watoto huwaficha wazee maradhi yao; yeye mwenyewe alimficha mama yake mzazi. Basi, akasema moyoni, ninalo jambo, nao wanalijua. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kubembeleza habari zake mwenyewe, wala wa kugombania mnofu na wajukuu, hakuuliza. Alikunywa alichopewa, akakaa anangoja lile jambo lije.

Halikuja na jina. Lilikuja kidogo kidogo. Magauni yakaanza kumvaa badala ya yeye kuyavaa. Bangili aliyopewa na dereva ikawa inateleza mpaka kiwikoni akiinua mkono. Akitoka chumbani anashika ukuta, akifika ua anashika kamba ya nguo, na akiketi kigoda cha jikoni inabidi aitwe mtu kumvuta. Kila mmoja akasema ni uzee. Uzee ukawa jalala la nyumba ile: chochote kisichoeleweka kinatupwa huko, na hakuna anayekwenda kuchokora aone kuna nini.

Aliyekataa kuyaamini hayo ni fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, rafiki wa marehemu, mzee kuliko Bi Mstari na meno machache kuliko yeye. Huyu bwana alishinda anagonga soli kutwa, na mchana alifungua bakuli lake la maharage na yai la kuchemsha, au samaki wadogo wakavu aliowaponda kwa kitako cha nyundo yake kwa sababu ya yale meno. Bi Mstari akipita anaegemea ukuta, yeye humpazia sauti.

"Shemeji, leo upepo ni mkali. Nikufunge jiwe?"

"Funga mdomo wako kwanza," angejibu Bi Mstari. Lakini harufu ya yale maharage ilimfuata mpaka mlangoni, na hasira nayo ikamfuata, asijue amkasirikie nani.

Baada ya shati la mwalimu mkuu, mkazamwana aliingiwa na hofu. Mkono unaokataa kazi huenda ni kiharusi. Akamvalisha mkwewe viatu, akamwongoza mpaka zahanati ya mtaa wa pili. Aliyewapokea ni muuguzi mnene wa makamo aliyechomeka kalamu kwenye nywele na kuisahau huko. Alimpima Bi Mstari presha, akampa vidole vyake avibane kwa nguvu zote, akaangalia uso na ulimi. Halafu akamwambia ainuke kwenye kiti bila kushika popote.

Bi Mstari aliinama mbele, akasukuma. Kiti hakikumwachia. Akajaribu tena, na jasho likamtoka kwa aibu zaidi ya kwa kazi.

"Hiki si kiharusi," alisema muuguzi. "Huyu mama hana nyama ya kumnyanyua. Anakula nini?"

Mkazamwana akajibu kwa fahari kidogo, kama mwanafunzi anayejua jibu. Alitaja uji, boga, viazi vya kupondwa, wali laini.

"Na yai? Maharage? Maziwa?"

"Alikatazwa."

"Na nani?"

"Daktari."

"Kwa ugonjwa gani?"

Bi Mstari akageuza shingo kumtazama mkazamwana, maana swali lile alikuwa amelala nalo na kuamka nalo tangu siku aliyoshikwa mkono, na sasa limeulizwa na mtu mwingine. Akangoja kusikia jina la kifo chake.

"Figo," alisema mkazamwana, na sauti ikawa ndogo. "Za Baba."

Muuguzi akachomoa kalamu nywelani, akaitazama kana kwamba ndiyo yenye kosa. Aliagiza damu na mkojo vipimwe siku ile ile, na majibu yalipotoka daktari wa zamu akayasoma: figo za Bi Mstari nzima, sukari hana, presha ya kawaida tu ya mtu wa umri wake. Muuguzi akaeleza polepole, akimwambia mgonjwa mwenyewe na si aliyemleta, kwamba mwili wa mzee hupoteza nyama upesi kuliko wa kijana, na usipolishwa cha kujengea, unabomoa ukuta wake wenyewe kutafuta matofali. Mzee si wa kupunguziwa yai na maharage, ni wa kuongezewa. Kama meno hayapo, nyama isagwe, karanga zitwangwe. Kilaini si lazima kiwe kitupu. Na aitumie miguu: ainuke na kuketi, ainuke na kuketi, kila siku, hata kama ni kwa matusi.

"Matusi ninayo," alisema Bi Mstari.

Wakashika njia ya kurudi. Mkazamwana alilia akitembea, akijifuta kwa bega. Bi Mstari hakumnyamazisha. Kilikuwa kinamchemka ndani kitu ambacho hakijachemka tangu dereva afe, na alikuwa anakilinda kisimwagike kabla ya mahali pake.

Jioni, watoto walipokaa kula na mwanawe ametoka kazini, Bi Mstari aliingia jikoni mwenyewe akishika ukuta. Akaitoa sufuria ndogo, tupu, imesuguliwa inang'aa, akaiweka katikati ya mkeka mbele ya sufuria kubwa.

"Hii ni ya nani?"

Mwanawe akamtazama mkewe, mkewe akatazama chini. "Ya wazee, Mama," alisema.

"Wazee wangapi?"

Mwanawe akainua vidole viwili, akakikunja kimoja.

"Mmoja yuko kaburini. Huyo ndiye aliyekuwa na figo. Zangu zimepimwa leo, nzima. Sasa wewe umesoma, nieleze mimi ambaye niliishia shule ya msingi. Miaka yote hii nilikuwa naugua ugonjwa wa nani?"

Wajukuu wakaacha kutafuna. Mwanawe akaanza kusema mengi kwa pamoja: kwamba ilikuwa kwa nia njema, kwamba yeye alimwambia tu mkewe chakula cha wazee kiendelee vile vile, kwamba alidhani mama anakipenda, maana si yeye aliyeapa kukila? Kisha akasema neno lililochoma.

"Na wewe mbona hukusema, Mama?"

"Nilinyoosha mkono, ukaushika. Ukaniambia daktari kakataza. Nikajua nina maradhi mnayonificha. Nimekaa nangoja kufa kwa adabu, nisiwasumbue, kumbe nasimama barabarani kungojea lori lisilokuwa na safari."

Mwanawe aliinamisha kichwa. Akasema, karibu kwa kujitetea, kwamba watu husema mgonjwa haulizwi uji.

"Mgonjwa," alisema Bi Mstari. "Mimi ungeniuliza."

Mkazamwana hapo ndipo alipoangua kilio cha sauti. Akasema kwamba kila kitu alikichuja mara mbili Mama asipaliwe, kwamba hakuwahi kulala kabla hajaiosha sufuria ile. Na ilikuwa kweli, Bi Mstari alijua ni kweli, na ndicho kilichomwudhi zaidi, kwa sababu hasira inataka adui, na hapa kila alipogeuka alikuta mtu amepiga goti.

"Kunipenda mlinipenda," alisema. "Hata mbuzi wa kuchinjwa hupendwa. Lakini yeye hulishwa."

Kisha akawapa masharti. Ufunguo wa chumba cha mbele alikuwa nao shingoni, ukabaki shingoni. Chumba kisiguswe. Yeye atakula kama mtu, na mvua zikikatika atainyanyua pasi. Akishindwa, ufunguo atautoa mwenyewe kwa mkono wake, na fundi simu aingie kwa heri. Asiposhindwa, huyo shemeji akatafute mahali pengine. Akaivuta sufuria kubwa, akajipakulia. Hakuna aliyeushika mkono wake.

Ningependa kuwaambia kwamba alikula leo, kesho akawa simba. Uongo. Tumbo lilikuwa limesahau kazi. Maharage ya kwanza yalimkesheza, na mwanawe asubuhi akathubutu kusema, unaona? Bi Mstari alimtupia jicho, akaondoka. Mkazamwana ndiye aliyepata akili ya kuyaloweka usiku, kuyamenya, kuyapika mpaka yayeyuke. Alimsagia nyama. Alivunja yai ndani ya uji, na maziwa yakaacha kupimwa kwa kijiko. Alipika kimya, bila kuomba radhi tena, na Bi Mstari alikula kimya, bila kumsamehe bado. Sahani ilirudi tupu, na kati ya wanawake wawili wa jiko moja hayo ni mazungumzo marefu.

Mchana alivuka barabara kwa fundi viatu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akawa anainuka na kuketi, akilaani chini kwa chini.

"Shemeji, nani huyo mkubwa unayemwinukia kila saa? Nami nivue kofia?"

"Gonga kiatu chako."

Fundi viatu aligonga kidogo. Halafu akasema, bila utani, akiwa anatazama soli, kwamba jambo moja linamshinda. Huu mdomo ambao Bi Mstari alikuwa akiwafokea nao makarani wazima juu ya kola chafu, nyumbani kwake ulikuwa na kazi gani? Neno moja tu: nina ugonjwa gani?

Bi Mstari aliinuka akavuka barabara, akamwacha na nyundo yake, akanuna siku nzima. Alinuna kwa sababu alijua. Alimkasirikia mwanawe kwa haki, na mkazamwana nusu kwa haki, lakini ilikuwepo hasira nyingine ambayo haikuwa na mlango wa kutokea. Hadhi. Alikuwa amekula hadhi kwa boga miaka yote ile, akaona ameshiba. Kesho yake akarudi kwenye kiti, akainuka, akaketi.

Mvua zilikatika. Bi Mstari alikuwa bado hajaigusa pasi, akisema siku yake haijafika. Ukweli ni kwamba aliogopa. Na mwanawe, ambaye mdomo wake ulirithi ubaya wa kukaa kimya, hakuwa amepata moyo wa kumweleza shemeji yake chochote. Kwa hiyo asubuhi moja fundi simu akatokea na mkokoteni, kabati la kioo limefungwa kamba juu yake, anashangilia kama mtu aliyefika kwake.

"Lishusheni hapo nje," alisema Bi Mstari. "Lisivuke kizingiti."

Akafungua mlango kwa ufunguo wa shingoni. Akaitisha mkaa. Mtaa una masikio. Fundi viatu aliacha kazi akasimama ng'ambo, na mwanawe, aliyekuwa akitoka kwenda ofisini, akakwama mlangoni.

"Vua shati."

"Mama, watu wananiona."

"Na mimi wananiona. Vua."

Akavua, akabaki na fulana mbele ya shemeji yake na barabara nzima. Mkazamwana akatokea jikoni na makaa mekundu, ameyabeba katika ile sufuria ndogo. Hakuna aliyemwagiza atumie hiyo. Sehemu ya ndani aliyokuwa akiisugua ing'ae ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi. Bi Mstari aliitazama sufuria, akamtazama mkazamwana, akasema, "Mwanangu, nusu tu. Usiijaze." Lilikuwa neno lake la kwanza la upole kwake tangu zahanati.

Akaifunga pasi. Akaishika. Bangili ikagonga chuma, na kwa muda ambao kila mmoja aliuona mrefu, pasi haikwenda popote. Kisha ikapanda. Akailaza kwenye bega la shati, akasukuma, akanyanyua; mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mgongo. Haikuwa kasi ya zamani, na katikati aliirudisha pasi kwenye kibao chake akaegemea meza, akihema, akiwapa wote uso ambao haukumruhusu mtu kusogea. Akaendelea. Alipomaliza, mkono wa shati ulikuwa na mstari ambao ungekata nyanya.

Mwanawe alimwona anavyohema. "Mama, umechoka, pum—"

Akaliuma neno.

"Malizia," alisema Bi Mstari.

Hakumalizia. Alivaa shati, likiwa bado na joto, akafunga vifungo mpaka shingoni, kisha akaenda kushika upande mmoja wa kabati la kioo ili shemeji yake alirudishe mkokotenini. Na ng'ambo ya barabara fundi viatu aliinua kiatu kimoja juu, kikuukuu, kisicho na soli, akauliza kwa sauti kama nacho kinapigwa pasi.